Lubumbashi: kujifunza kushona si shida, shida ni kupata kazi ya kushona

Katika komini Kenya, Katuba, Kamalondo ao Ruashi, hauwezi kutembea barabara ndefu bila kukuta mashini ya kushona mbele ya nyumba. Mara nyingi ni mashini ya miguu, ile isiyongojea umeme. Nyuma yake ameketi fundi. Kando ya fundi kuna kijana mmoja ao wawili: mmoja anapiga pasi ya makaa, mwingine anashona vifungo, na wote wanatazama mikono ya fundi. Hao ndio aprenti.

Kwa wazazi wengi wa Lubumbashi, coupe-couture, maana yake kukata na kushona, ndiyo mlango wa kwanza wanaofikiria kwa mtoto aliyeacha shule, zaidi sana kama ni binti. Bei ya kuingia haiko juu sana, hauombwe diploma, na kila mtu anavaa nguo. Lakini kisha miezi sita ao mwaka, vijana wengi wanarudi nyumbani na brevet mkononi, bila mashini, bila wateja, bila mshahara. Kushona wanajua. Kile wanachokosa ni kazi.

Maelezo haya yanaonyesha kazi hii ilitoka wapi, mahali inafundishwa, sheria inasema nini, na kwa nini njia kati ya mashini na mshahara ni ndefu. Mambo mengi yanayosemwa hapa juu ya Lubumbashi yanawahusu pia wakaaji wa Kalemie, Bukavu, Goma, Kindu ao Kisangani, kwa sababu sheria ya kazi ni moja, INPP ni moja, na uniforme ya shule ni ileile.

Kazi iliyotoka mbali

Lubumbashi ilianzishwa mwaka wa 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka uleule reli kutoka kusini ilifika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka wa 1906. Wasalesiani wa Don Bosco walifika mwaka wa 1911, wakafungua masomo pamoja na ufundi wa mikono kwa vijana wanaume.

Kwa wanawake, mambo yalipita njia ingine. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière ilianza kuwaacha wafanyakazi waishi na bibi na watoto wao ndani ya makambi. Ndani ya makambi hayo kulikuwa nyumba za mafunzo kwa akina mama, zile walizoita foyer na ouvroir. Pale walijifunza kushona, kufuma, kupika na kutunza nyumba. Mashono hayo hayakufundishwa kama kazi ya mshahara. Yalikuwa ya kumsaidia bibi ya mfanyakazi avalishe watoto wake vizuri. Fikira hiyo haijaisha. Mpaka leo kuna watu wanaona ushonaji kama kazi ya kungojea bwana, ao kazi ya yule aliyeshindwa masomo, na wanachagua mafunzo kwa fikira hiyo.

Kitambaa nacho kilikuwa na historia yake. Tangu mwaka wa 1917, serikali ya ukoloni iliwalazimisha wakaaji wa vijiji walime pamba, na mwaka wa 1920 kampuni ya Cotonco iliundwa ili kuinunua. Baadaye viwanda vilijengwa katika inchi: Utexléo huko Léopoldville, Filtisaf huko Albertville, ambayo leo ni Kalemie, Solbena huko Lubumbashi, kisha Sotexki huko Kisangani katika miaka ya 1970. Kwa muda fulani, inchi ilikuwa na mnyororo muzima: shamba la pamba, uzi, kitambaa, mpaka shati.

Hata siasa iliwapa mafundi kazi. Katika miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilikataza koti na tai za Kizungu, wanaume wakavaa abacost. Kila mtumishi wa serikali alihitaji abacost, na fundi wa kartie aliweza kuishona. Katazo hilo liliondolewa mwezi wa nne mwaka wa 1990. Jambo hilo linaonyesha kitu kimoja cha kukumbuka: watu wengi wakivaa nguo ya namna moja, na nguo hiyo ikishonwa hapa, mafundi wanakula.

Wakati Gécamines ilianguka

Mwaka wa 1986, Gécamines ilitoa tani karibu 476,000 za shaba. Mwezi wa tisa mwaka wa 1990, mgodi wa Kamoto ulibomoka. Ikafuata mikozi ya uporaji, fujo za siasa na vita. Mwaka wa 1994, shaba iliyotoka ilikuwa tani karibu 30,000 tu. Mishahara ilichelewa miezi na miezi. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari.

Mwanahistoria wa Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, ameandika namna baba wa makambi, aliyekuwa analisha kila mtu kwa posho na mshahara, alivyopoteza nguvu ndani ya nyumba yake. Akina mama na watoto waliingia katika kazi ndogondogo: mikate, makaa, mboga, mafuta, na mashono. Mashini iliyonunuliwa zamani juu ya nguo za watoto ikawa ndiyo inalipa shule ya watoto hao.

Lakini wakati watu walirudi kwenye mashini, viwanda vya kitambaa vilikuwa vinafungwa. Uporaji wa mwaka wa 1991 na wa 1993, mashini zilizozeeka, umeme usiotosha na vitambaa vya bei ya chini kutoka inje viliviua kimoja kimoja. Filtisaf ya Kalemie ilinyamaza. Kinshasa, kiwanda cha Congotex kilifungwa mwaka wa 2007. Leo sehemu kubwa ya bikwembe na vitambaa kwenye masoko ya Lubumbashi vinatoka Asia, na vingi vinapita Kasumbalesa, mpaka wa Zambia, kilometre karibu 90 kutoka mji. Kwa hiyo nguo inaweza kushonwa Lubumbashi, lakini kitambaa, uzi, zipu, vifungo na sindano vinanunuliwa kwa dola. Dola ikipanda, fundi anaumia kwanza.

Mahali pa kujifunza

Kuna njia nne. Kila njia inatoa kitu na inakosa kitu.

Njia ya kwanza ni atelier ya fundi. Kijana anaingia, mzazi analipa kiasi walichopatana, wakati mwingine kidogo kidogo. Mazuri ya njia hii: anaona wateja wa kweli, anasikia bei zinavyojadiliwa, anajua namna ya kumtuliza mama aliyekuja kuchukua nguo yake siku ya posho na kukuta haijakatwa. Ubaya: hakuna programu. Fundi anafundisha kile kilichokuja siku hiyo. Kuna vijana wanaopita miezi mitatu wakichota maji na kutumwa sokoni kabla ya kugusa makasi.

Njia ya pili ni foyer na vituo vya mafunzo vya makanisa, vya masista, vya mashirika na vya watu binafsi. Vituo vingi viko chini ya uangalizi wa idara ya mambo ya kijamii ya jimbo. Masomo yanakuwa kati ya miezi sita na mwaka mmoja ao zaidi, na mwisho mwanafunzi anapata brevet. Vituo vingine vinafundisha pia kusoma na kuandika, jambo lenye faida kubwa, kwa sababu mtu asiyejua kusoma metre na kuandika vipimo atabaki msaidizi maisha yote.

Njia ya tatu ni shule ya sekondari ya kiufundi, section coupe-couture, ambayo mwisho wake ni Examen d'État yenye pia mtihani wa mikono. Hii ndiyo ndefu zaidi, lakini inatoa diploma ya serikali. Mwenye diploma hiyo anaweza kuendelea na masomo ya juu, kufundisha katika kituo, ao kuomba kazi mahali panapoomba karatasi.

Njia ya ine ni INPP, taasisi ya serikali ya kutayarisha watu kwa kazi, iliyoanzishwa mwaka wa 1964. Sehemu ya feza zake inatoka katika michango ambayo sheria inawaomba waajiri. Direction yake ya Lubumbashi ilipata majengo na vyombo kwa msaada wa Japani. INPP inapokea vijana, watu wazima na hata wafanyakazi waliotumwa na kampuni zao. Kila direction ya jimbo inatangaza masomo inayofungua na bei yake, kwa hiyo inafaa kwenda kuuliza mwenyewe kwenye ofisi, si kwa mtu anayesema anajua mtu mule ndani.

Kile kinachofundishwa na kile kinachosahauliwa

Karibu mahali pote mwanafunzi anajifunza kupima kifua, kiuno, nyonga, mabega na urefu. Anajifunza jipe, kisha bluzi, kisha robe, kisha kikwembe cha sherehe cha yadi 6, ni kusema metre karibu tano na nusu. Anamaliza akijua kumvalisha mteja mmoja kwa vipimo vyake.

Hiyo ni kushona kwa kipimo. Iko namna ingine: kushona kwa wingi. Shule ikiomba mashati 200, haitaki mashati 200 mazuri yasiyofanana. Inataka kola ileile, mfuko uleule mahali palepale, na size zinazojulikana, toka ndogo mpaka kubwa. Hapo ndipo vijana wengi wanakwama, kwa sababu hawakufundishwa mambo haya:

Patroni, ni kusema umbo la nguo lililokatwa kwenye karatasi ngumu, pamoja na namna ya kulipanua ao kulipunguza kutoka size moja mpaka ingine.

Kukata vitambaa vingi vilivyopangwa juu ya meza bila kupoteza. Mtu anayepotezesha sentimetre 10 kwenye kila shati, kwenye mashati 200 amepoteza metre 20 za kitambaa.

Kugawana kazi. Mmoja anakata, mmoja anatengeneza kola, mmoja mikono, mmoja tundu za vifungo, mwingine anaangalia makosa na kupiga pasi. Viwanda vya Kenya vinavyoshona nguo za kupeleka Marekani, kama vile vya Athi River karibu na Nairobi, vinatumika hivyo: mfanyakazi mmoja anaweza kushona mifuko tu siku nzima. Inachosha, lakini kazi inaenda mbio.

Mashini ya kufunga ncha za kitambaa zisifumuke, ile mafundi wanaita surjeteuse. Nguo isiyopita pale inafumuka kisha kufuliwa mara chache, na shule hairudi tena kwa fundi huyo.

Kutunza mashini: mafuta, mkanda, sindano inayofaa kitambaa. Mashini ikiharibika, siku inapotea na mshahara wa siku pia.

Hesabu. Hili ndilo linasahauliwa zaidi.

Mfano wa hesabu

Tuseme shati moja la uniforme linauzishwa franka 15,000. Hizi ni hesabu za mfano, kila mtu aweke bei za soko lake. Kitambaa metre moja na nusu kwa franka 5,000 kila metre: 7,500. Uzi, vifungo na kitambaa kigumu cha kola: 1,500. Sehemu ya nyumba ya kupanga, makaa ya pasi ao umeme: 1,000. Jumla ni 10,000. Kinachobaki ni franka 5,000. Fundi aliye peke yake, anayemaliza shati moja kwa siku, amepata 5,000 kwa siku nzima.

Sasa tuseme vijana watatu wamejiunga. Wamenunua kitambaa kwa rouleau, metre inafika 4,000. Shule imewaomba bei ya 13,000 kwa sababu mashati ni mengi. Kitambaa ni 6,000, vitu vidogo 1,500, nyumba na pasi 1,000: jumla 8,500. Kinabaki 4,500 kwa kila shati, kidogo kuliko mbele. Lakini kama wakigawana kazi wanatoa mashati 15 kwa siku, wanapata 67,500, ni kusema 22,500 kwa kila mtu. Hata wakitoa sehemu ya kununua mashini ingine, bado wanamshinda yule wa peke yake.

Sheria inasema nini juu ya aprenti

Sheria ya kazi ya Kongo ni ile ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka wa 2002, iliyorekebishwa mwaka wa 2016. Inamtambua aprenti kama mtu mwenye mkataba, na mkataba huo unapaswa kuandikwa. Aprenti si mtumishi wa nyumba ya fundi. Fundi anapaswa kumfundisha kazi kwa utaratibu, na aprenti anapaswa kumheshimu na kumsaidia katika kazi ile anayojifunza.

Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009, inakataza kumwajiri mtoto mbele hajatimiza miaka 16. Mzazi anayempeleka mtoto wa miaka 12 kwa fundi "ajifunze" huku anatumika tangu asubuhi mpaka mangaribi, ajue kwamba hapo si mafunzo tena.

Kwa kweli, katika atelier za kartie, mambo mengi yanapatanwa kwa mdomo. Mwanzoni kila mtu anacheka. Mwisho ndipo matata yanatokea: fundi anasema kijana bado hajamaliza, mzazi anasema alilipa yote, kijana anasema alishona nguo za wateja miezi minane bila kupata hata franka moja. Ukurasa mmoja ulioandikwa na kutiwa sahihi mbele ya shahidi unaweza kuzuia ugomvi huo. Uandike: mafunzo yanaanza na yanaisha tarehe gani, bei na namna ya kulipa, nguo gani kijana anapaswa kujua kushona mwisho, siku na saa za kutumika, nani ananunua vitambaa vya mazoezi, na kijana atapata nini siku atakayoanza kushona nguo za wateja.

Kuko pia ONEM, ofisi ya serikali ya kazi iliyoundwa mwaka wa 2002. Kijana anayetafuta kazi anaweza kujiandikisha pale.

Kazi iko wapi?

Uniforme za shule. Katika Kongo nzima mwanafunzi anavaa bluu na nyeupe. Tangu mwezi wa tisa mwaka wa 2019, masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na watoto wengi waliokuwa nyumbani waliingia darasani. Wote wanahitaji shati na suruali ao jipe. Nguo hiyo haibadilike kila mwaka kama mtindo wa robe, kwa hiyo inafaa sana kwa vijana wanaoanza. Shida ni kwamba wazazi wananunua wote pamoja, kati ya mwezi wa nane na wa tisa. Fundi anayengoja mteja abishe hodi amechelewa: mashati yameshafika sokoni kutoka inje. Kikundi kinachokata tangu mwezi wa tano na kuongea na shule mbele ya vakansi kina nafasi.

Nguo za kazi za migodi. Haut-Katanga na jirani yake Lualaba ziko na kampuni nyingi za madini, na kila mfanyakazi anavaa combinaison yenye mikanda inayong'aa. Sheria namba 17/001 ya tarehe 8 mwezi wa pili mwaka wa 2017 inasema kazi za sous-traitance ni za kampuni zenye mtaji ulio kwa sehemu kubwa wa Wakongomani. Ofisi ya ARSP ndiyo inaangalia jambo hilo. Kwa maneno, mlango uko wazi. Kwa kweli, kampuni ya madini haiandikie bon de commande fundi asiye na RCCM, namba ya kodi na akaunti ya benki. Inaomba pia kitambaa na mikanda vinavyofuata kanuni za usalama, kama ile ya kimataifa ISO 20471 juu ya nguo zinazoonekana toka mbali. Tena mara nyingi malipo yanafika kisha wiki nyingi, wakati fundi ameshanunua kitambaa kwa feza yake. Kwa hiyo kijana peke yake hawezi. Atelier kumi zilizojiunga chini ya kampuni moja zinaweza kujaribu, zikianzia kwa kutengeneza nguo zilizoraruka ao kushona gilet.

Sherehe na vikundi. Tarehe 8 mwezi wa tatu, ndoa, matanga, kwaya za makanisa: watu 30 ao 50 wanavaa kikwembe cha namna moja. Faida iko, lakini siku haisogezwe. Kwaya inayopaswa kuimba siku ya yenga haiwezi kusikia "upite kesho".

Kutengeneza nguo za mitumba, zile za balo. Mafundi wengi wanalalamika kwamba balo inaua kazi yao, na hawasemi uongo. Jirani zetu wa Zambia, wanaoita nguo hizo salaula, waliona viwanda vyao vya nguo vikianguka katika miaka ya 1990, wakati mipaka ilifunguliwa kwa nguo kutoka inje. Lakini nguo za balo zinahitaji kupunguzwa, kufupishwa na kubadilishwa zipu. Kijana mwenye mashini kando ya soko anaweza kupata feza ya kila siku pale, huku akitafuta commande kubwa.

Mnamo mwaka wa 2020, wakati wa korona, barakoa ilionyesha jambo hilo waziwazi. Kitu kimoja, size chache, watu wote wanakihitaji kwa siku moja: mafundi wa kartie walishona barakoa nyingi bila kungoja kiwanda. Mikono ilikuwepo mbele ya korona, kilichoongezeka ni commande.

Kile kinachozuia

Umeme unakatika. Mashini ya miguu inaendelea kushona, lakini surjeteuse na pasi ya umeme zinasimama. Ndiyo sababu atelier nyingi zinatumika usiku, wakati umeme unarudi, na binti anayeishi mbali hawezi kubaki mpaka saa hiyo.

Mtaji ni kidogo. Vituo vingine vinampa mwanafunzi mashini siku ya mwisho, jambo zuri, lakini mashini peke yake haitoshi. Kijana asiye na feza ya kitambaa anauzisha mashini kisha miezi michache, mara nyingi juu ya ugonjwa ndani ya familia. Kikundi chenye mashini tatu na sanduku moja la feza kinashikilia muda mrefu kuliko watu watatu wenye mashini moja moja.

Karatasi zinaogopesha. Watu wanafikiri kwamba kuandikisha kazi ni juu ya matajiri tu. Lakini Kongo iliingia OHADA mwaka wa 2012, na sheria za OHADA zinamtambua mtu wa kazi ndogo anayeitwa entreprenant: anatangaza kazi yake kwenye RCCM bila kulipa na bila kuunda kampuni. Kwa kukua zaidi, guichet unique inasaidia kuunda kampuni. ANADEC inawasindikiza wenye kazi ndogo. Mradi wa PADMPME, uliopewa dola milioni 100 na Benki ya Dunia, ulichagua Lubumbashi kuwa kati ya miji yake mine, pamoja na Kinshasa, Goma na Matadi. Miradi ya namna hiyo inafungua na kufunga, na karibu kila mara inaomba kitu kilekile: jina la kazi, karatasi, na hesabu zilizoandikwa.

Kuna pia haki ya wakaaji wa karibu na migodi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka wa 2018 inaomba kampuni zitoe 0.3% ya mauzo yao kwa miradi ya maendeleo ya wakaaji, na zitie sahihi cahier des charges pamoja nao. Kwenye mikutano hiyo watu wanaomba shule, visima na barabara, na wana haki. Wanaweza kuomba pia chumba cha mafunzo chenye surjeteuse na jenereta, pamoja na ahadi kwamba nguo za kazi zitakazoshonwa pale zitanunuliwa. Bila ahadi ya kununua, chumba kitafungwa siku mradi utaisha.

Maulizo ya kuuliza mbele ya kulipa

Mzazi ao kijana anayeenda kujiandikisha, kwenye kituo ao kwa fundi, aulize mambo haya:

Kituo kinatambuliwa na ofisi gani ya serikali, na brevet inatiwa sahihi na nani?

Kuna mashini ngapi kwa wanafunzi wangapi? Wanafunzi watano kwenye mashini moja, maana yake kila mtu anashona sehemu moja tu ya tano ya saa.

Kuna surjeteuse? Wanafunzi wanaigusa ao wanaiangalia tu?

Wanafundisha patroni za size mbalimbali na hesabu ya bei?

Kuna stage kwenye atelier yenye wateja?

Wanafunzi wa mwaka uliopita wanatumika wapi leo? Omba kuona wawili ao watatu, na uwaulize wao wenyewe. Kituo kinachotumika vizuri hakiogope ulizo hilo.

Na kisha kumaliza, shauri la kwanza si kukimbilia kupanga nyumba kwenye barabara kubwa. Ni kutafuta wenzako wawili ao watatu waliofundishwa pamoja na wewe, kuanzisha likelemba ya kununua mashini inayokosekana, kuandika jina la kikundi, na kushona shati moja la mfano, bluu ao nyeupe, lenye kola iliyonyooka. Shati hilo ndilo la kubeba kwa mkurugenzi wa shule iliyo karibu, mbele ya mwisho wa mwaka wa masomo, pamoja na karatasi inayoonyesha bei na siku ya kutoa kazi. Kama siku hiyo ikiheshimiwa, mwaka unaofuata mkurugenzi mwenyewe atawatafuta.